Usaili Chini ya Paa la Nyasi

Tangu Gwantwa aolewe katika kijiji kile cha Mbebe, Mzee Anyelwisye hakuwahi kumwona uso. Si kwa ugomvi. Ndivyo heshima ya mkwe inavyotaka kwa watu wa milima ile ya Ileje: mke wa mwanao hakutazami, nawe humtazami, hamsemezani, wala jina lako halitamki hata akibanwa na polisi. Wakikaribiana njiani, mwanamke huchepuka migombani akainama mpaka mzee apite, na mzee mwenye adabu huguna kabla ya kukata kona ili mwenzake apate muda wa kujificha. Kanisani walikwisha kuhubiriwa kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Waliitikia amina, wakatoka kwa milango miwili tofauti.

Mzee alimjua mkwewe kwa mengine. Alizijua hatua zake za haraka, hatua za mtu anayedhani kachelewa. Aliijua chumvi yake kwenye maharage. Na aliijua kazi yake, maana kazi hiyo ilimkaa kooni kama mfupa. Gwantwa alikuwa mtendaji wa kijiji. Siku alipopewa ofisi, Mzee Anyelwisye alifukuzwa mkutano wa kijiji bila mtu yeyote kumfukuza, kwani angekaaje mbele ya meza ambayo mkwewe ndiye kaikalia? Wala hakuwa peke yake. Kwa hesabu za kimila, wazee wote wa rika lake ni baba wakwe wa Gwantwa, nao wote siku za mkutano walibaki nyumbani wakipalilia migomba isiyo na magugu.

Jambo ambalo mzee aliamini linajulikana kwake na kwa Mungu wake tu ni kwamba siku hizo alijifanya anakwenda kukata majani ya mbuzi, akazunguka kwa chini, akasimama nyuma ya ghala la kahawa la ushirika akisikiliza. Na aliyoyasikia yalimkera.

"Mkweo anapiga kelele kama anauza dagaa mnadani," alimwambia mkewe, Elina, siku moja. "Mwanamke mwenye adabu hasemi vile."

"Umemsikia wapi?"

"Watu wamesema."

Elina akamtazama kidogo, akaendelea kuchambua maharage yake.

Sasa Elina alikuwa amekuja na ujumbe. Kwa miaka yote yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa katikati. Neno la huku likavuka kwa kinywa chake, na la kule likarudi hivyo hivyo.

"Baba Nsa, mkweo anaomba uwanja wa nyuma ya nyumba yako kesho asubuhi."

"Anaanika kahawa?"

"Anafanyiwa usaili na maprofesa, kwa simu ile ya picha. Ameomba kusoma shahada ya umahiri."

"Si alikwisha kusoma huyu?"

"Ile ilikuwa ya kwanza. Hii inakaa juu yake. Anataka kusomea siasa."

Mzee akacheka mpaka kifua kikamkaba. "Siasa inasomewa? Hawa viongozi wetu walisomea wapi?"

"Ndiyo maana wako vile," alisema Elina.

Alimweleza jambo zima, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Gwantwa alikuwa ashuke Tunduma, kwenye chumba cha mumewe Nsajigwa anayefanya kazi na mawakala wa malori mpakani, maana huko mtandao ni wa kumwaga. Lakini maprofesa wameirudisha siku nyuma ghafla, na gari la abiria, ile Noah inayotoka Mpemba, haipandi kwa utelezi. Hapa kijijini simu ya picha inashika mahali pamoja tu, mgongoni mwa kilima, nyuma ya nyumba ya baba mkwe. Mwaka jana aliomba, hata kuitwa hakuitwa. Mwaka huu, alipokwenda kuomba ruhusa kwa wakubwa wake wa kazi, alikalishwa kwenye benchi kutwa nzima, na jioni karani mmoja akamwuliza mbele ya watu kama huko kwao kuna hata meza ya kusomea. Ruhusa alipewa, akaambiwa ni ya mwisho. Akikosa safari hii, asiwasumbue tena.

"Aliyajibuje hayo ya meza?" mzee aliuliza.

"Alisema ipo. Kumbe hamna. Anaandikia kwenye ungo, kaugeuza juu chini."

Mzee alichokoa moto. Wanawe walikwisha kumwekea bati kwenye nyumba ya mbele, naye akakataa kuhamia. Alibaki kwenye nyumba yake ya zamani ya nyasi, yenye mafiga katikati, akisema bati ni baridi usiku na kelele mvua ikinyesha. Watu walimcheka, eti mzee mwenye mtoto Tunduma analala kama kuku wa kienyeji.

Kabla ya kulala Nsajigwa akapiga simu.

"Baba, shikamoo. Mama amekwambia?"

"Marahaba. Ameniambia. Wewe ulioa au uliolewa? Mkeo anakwenda kusoma, wewe unabaki unapika?"

"Napika tayari, baba, huku Tunduma nani ananipikia?" Nsajigwa alicheka, kisha sauti ikashuka. "Baba, huku kuna nyumba sebule yake iko Zambia na jiko liko Tanzania, na watu wanakula humo wanashiba. Sisi tusishindwe na ukuta mmoja. Nakuomba."

"Nitakaa ndani nifunge mlango," alisema mzee. "Zaidi ya hapo msinitafutie balaa."

Asubuhi aliamka na kifua kizito. Goti nalo lilikuwa limevimba, hivyo shauri la Elina kwamba ashinde kwa jirani likafa palepale. Elina akamfungia mlango, akaweka kigoda nje ukutani, akarudi kwa mkwewe. Baadaye mzee akazisikia zile hatua za haraka zikija kwa nyuma. Zikasimama. Kigoda kikalia. Hapo ukuta wa udongo tu ndio uliokuwa kati yao, na mzee akajikuta anapumua kwa kuiba.

Simu ikaanza kuita ule wimbo wake wa ajabu, sauti za watu zikatoka. Gwantwa akawajibu kwa Kiingereza.

Mzee Anyelwisye alikwisha kusikia Kiingereza cha redio, cha mapadri, cha madereva wa malori. Hakuwahi kufikiri kwamba kinakaa katika nyumba yake, kinakula maharage yake, kinapita kimeinama migombani. Kilikuwa kinatoka pole pole, hakikwami, na kila walichouliza kilijibiwa. Hakuelewa hata neno moja, akasogeza sikio ukutani.

Kisha mvua ikaja. Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote kwa pamoja kama gunia la mahindi lililopasuka. Mzee akasikia kigoda kikianguka, hatua zikikimbilia kibanda cha bati cha mbuzi, na toka huko sauti ya Gwantwa ikipaa juu ya makelele ya bati: "Hello? Hello? Mnanisikia?" Sauti ya kwenye simu ikajibu kitu, ikakatika.

Mlango ukasukumwa. Elina aliingia akichuruzika maji, kitenge kichwani.

"Baba Nsa, mambo yameharibika. Wanasema wanasikia ngoma tu. Kwenye nyumba ya bati ni hivyo hivyo, na mtandao huko hamna. Wamempa nafasi ya kuwapigia tena, lakini wana watu wengine wanasubiri."

Mzee akatazama juu. Nyasi zilikuwa zinapokea mvua kimya kimya, kama kawaida yake. Ndani ya nyumba ile mtu angeweza kusikia kuni zikitoa povu. Elina naye akatazama juu, kisha akamtazama mumewe, na mambo ya aina hiyo watu walioishi pamoja muda mrefu hawahitaji kuambiana.

"Watu watasema," alisema mzee.

"Watasema."

"Watasema Anyelwisye amezeeka mpaka anaingiza mkwe chumbani."

"Mimi nitasimama mlangoni chini ya upenu. Atakayepita ataniona mimi."

Mzee alilikumbuka lile benchi ambalo hakuliona, na ule ungo uliogeuzwa juu chini.

"Nipe blanketi," alisema.

Akalala kitandani pake, uso ukutani. Elina akamfunika kuanzia kidole cha mguu hadi utosini, akachomeka pembeni kama anayefunika maiti. Ndani ya blanketi kulikuwa na giza na harufu ya moshi wa miaka. Akasikia hatua zikiingia, safari hii hazikuwa za haraka. Zilikuja kama za mtu anayekanyaga mayai. Zikasimama karibu na moto, na hapo mkwe wake akakaa chini, chini ya paa lake, umbali wa mtu kunyoosha mkono akamgusa. Mzee akajikunyata. Alimwogopa Mungu, alimwogopa chui wakati wa ujana wake, lakini woga wa namna hii alikuwa haujui.

Simu ikaita, ikapokewa. Kiingereza kikaanza tena. Mara hii hakuna ukuta uliokipunguza, na sauti ilikuwa ya mtu mzima aliyekaa kwenye haki yake. Mzee alisikiliza kama watu wanavyosikiliza kengele ya kanisa ikiwa bondeni, bila kuuliza inasema nini. Miaka yote hiyo, akajiambia, miaka yote hiyo huyu mtu alikuwa anajikunja kwenye migomba ili mimi nipite.

Moshi ukamwingia. Alijizuia, akajizuia, akafunga pumzi mpaka macho yakamtoka. Halafu akakohoa, kikohozi kikubwa cha kifua kibovu.

Kwenye simu mwanamke mmoja, ambaye walikuwa wakimwita Profesa, akaongea Kiswahili.

"Bi Gwantwa, samahani. Kuna mtu nyuma yako? Tunaona kama blanketi. Ni mgonjwa?"

"Ni baba mkwe wangu, Profesa."

"Mbona amefunikwa hivyo?"

"Haruhusiwi kuniona, wala mimi kumwona. Ndiyo desturi yetu. Mvua imetufukuza huko nje, na hapa ndipo penye paa lisilo na kelele. Amejifunika ili mimi nipate kuongea na ninyi."

Mtu wa pili kwenye simu, mwanamume waliyemwita Daktari, alitoa kicheko kifupi. "Yaani mwombaji wa shahada ya umahiri katika siasa amejifungia na mzee aliyezungushiwa blanketi?"

Mzee alilisikia neno lile likimwingia chini ya mbavu. Aliona aibu, si kwa ajili yake. Alitamani angekuwa amekufa jana kuliko kuwa kichekesho cha kumwangusha mtoto wa watu.

Lakini Gwantwa hakutetereka. "Ndiyo, Daktari. Na utafiti ninaouomba ndio huu unaouona."

"Endelea kwa Kiswahili," alisema Profesa. "Nataka kulisikia hili vizuri."

"Mkutano wa kijiji chetu haufikishi akidi," alisema Gwantwa. "Watu hawatimii, maamuzi hayapiti, tunaahirisha. Kwenye taarifa zinaandikwa kwamba wazee wa Mbebe hawana mwitikio, hawajali maendeleo. Hata mimi nimeziandika taarifa hizo kwa mkono wangu, maana hapakuwa na nafasi ya kuandika ukweli. Ukweli ni kwamba hawaji kwa sababu mimi nipo. Vijiji vya jirani ni hivyo hivyo, tena huko wanaobaki nyumbani ni wakwe wanawake, kwa sababu wazee ndio wamekaa mbele. Sheria inasema kila mtu mzima ana haki ya kuingia. Hakuna aliyezuiwa. Lakini nusu ya kijiji inaitunzia heshima nusu nyingine kwa kukaa nyumbani, na serikali inaihesabu heshima hiyo kuwa uvivu. Mimi nataka kujua tunawezaje kukaa mkutano mmoja bila kuivunja hiyo heshima."

Gwantwa akaendelea, na sauti ikapungua kidogo.

"Huyu baba aliyelala hapa hajawahi kukosa mkutano hata mmoja. Hilo haliko kwenye taarifa. Huwa anasimama nyuma ya ghala la kahawa. Nakisikia kikohozi chake. Nikishakisikia napaza sauti, ili na yeye apate kusikia. Watu huniambia mtendaji unapiga kelele, punguza, huna adabu. Siwezi kupunguza. Nikipunguza atakuwa amesimama bure."

Chini ya blanketi Mzee Anyelwisye alifumba macho, ingawa kulikuwa na giza tayari. Machozi yakamtoka tu, ya moto, yakaingia kwenye ndevu. Akakumbuka dagaa. Akakumbuka alivyolisema neno lile huku akiona ana haki kabisa. Kumbe miaka yote aliyokuwa akijificha, palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akijua yuko wapi, na akimsemesha kwa njia pekee iliyobaki wazi.

"Bi Gwantwa," alisema Daktari, na sasa hapakuwa na kicheko. "Ni jambo zuri, sikuwahi kulisikia. Lakini andiko lako lina shimo katikati. Watu unaotaka kuwahoji ndio hao hao msiosemezana. Utawahojije?"

"Nitatumia msaidizi, Daktari."

"Msaidizi atauliza maswali ya msaidizi. Wewe umetuambia mnaelewana kwa kikohozi. Utamtuma mtu mwingine akakihoji kikohozi? Na hao wazee wakimwambia msaidizi wako kwamba mambo ya mkwe hayasemwi, utarudi na nini?"

Mzee aliisikia pumzi ya Gwantwa. Mvua ilizidi huko nje, na kwenye simu mtu mmoja alipekua karatasi.

"Kama huna jibu tutaelewa," alisema Daktari. "Ila bila jibu, utafiti haupo."

Mzee alijua kinachompasa. Kilichompasa ni kunyamaza. Hakuna mtu wa milima ile ambaye angemlaumu. Kesho angeamka na heshima yake nzima, na zile hatua zingekuwa uwanjani zikifagia, na jambo la maprofesa lingesahauliwa kama mvua za mwaka juzi. Alikuwa mzee. Kuacha mambo yapite ni kazi aliyoizoea. Alikaa nayo fikra hiyo kwa muda wa pumzi kadhaa, akaiona ni nyepesi mno, haimfuniki.

"Mafiga," alisema.

Sauti ilitoka kavu, imezibwa na blanketi. Karibu na moto Gwantwa aliruka kama aliyeguswa na kaa la moto.

"Mafiga, mnanisikia? Zamani wazee wetu mtu wa katikati alipokosekana walisema na mafiga, na mafiga hayana mkwe. Waambieni hao wakubwa mimi nitajibu. Mke wa mwanangu ayaulize mafiga, mafiga yaniulize mimi. Na wenzangu nitawaambia wenyewe. Kila nyumba ina mafiga."

Halafu Profesa akasema taratibu, "Bi Gwantwa, muulize swali moja. Kwa njia hiyo hiyo."

Nguo zikasugua sakafu. Gwantwa alikuwa amegeukia moto. Alipoanza, sauti ile ya Kiingereza ilikuwa imepotea, na iliyobaki ilitetemeka.

"Mafiga, mwulizeni baba. Ule mkutano wa maji, tulipotaka kuamua bomba likae wapi, akidi ikakosekana, tukarudi nyumbani bila bomba. Kama baba angekuwa ndani pamoja nasi, angesema nini?"

Mzee alikuwa na hotuba za mkutano ule. Alizitunga nyuma ya ghala, akazisema kwa mbuzi njia nzima ya kurudi, hotuba kali zenye methali, kuhusu chemchemi na mteremko na wale waliotaka bomba liende mlangoni kwao. Akazitafuta. Zote zilikuwa zimemkimbia.

"Nisingesema kitu," alisema. "Ningenyoosha mkono, nihesabiwe."

Na mkono wenyewe ukanyanyuka, mzee hakuutuma. Ukapanda na blanketi lake juu, ukasimama hapo katikati ya nyumba.

"Mkono tumeuona, mzee," alisema Profesa. "Daktari, una swali lingine?"

"Sina."

"Bi Gwantwa, barua rasmi itafuata utaratibu wake. Lakini mwaka huu nilikuwa na nafasi ya kumsimamia mwanafunzi mmoja tu. Nafasi hiyo ni yako. Mwambie mumeo aanze kukutafutia chumba."

Simu ikatoa mlio, ikanyamaza. Gwantwa alibaki amekaa. Mzee alimsikia akilia kwa chini, akijifuta na kanga, akivuta kamasi kama watu wote. Kisha akainuka, na hatua zake zikaelekea mlangoni polepole.

Mkono wa mzee ulikuwa bado juu. Ulikuwa umeanza kutetemeka toka begani. Elina akachungulia kutoka chini ya upenu.

"Baba Nsa, shusha mkono. Wameshakata simu."

"Sijahesabiwa."

"Sasa akuhesabu nani?"

Mzee hakuushusha. Kwenye kizingiti zile hatua zikasimama. Gwantwa alikuwa ameupa moto mgongo, uso uko kwenye mvua. Mafiga yalikuwa nyuma yake, na mama mkwe wake alikuwa amemkazia macho. Angeweza kumnong'oneza Elina avushe neno lake, kama ilivyokuwa siku zote.

"Mmoja," alisema, mwenyewe, kwa kinywa chake, na Mzee Anyelwisye akashusha mkono.